Jiwe la Kula Chuma Katika Nchi ya Shaba

Mji wa Kolwezi, nchini Kongo, umepata sifa duniani kwa sababu ya shaba yake, walakini apitaye mchana katika mitaa ya Manika, mojawapo ya komuni mbili za mji huo, hatasikia mlio wa shaba hata kidogo. Atakalosikia ni ukelele mkali wa grenda ikatayo chuma, na atakaloona kando ya njia ni cheche zirukazo kutoka kwenye malango na madirisha ambayo mafundi wanawaundia wenyeji. Jambo hili lilinitatiza kwa muda, hata nilipotambua kwamba jawabu lake limo katika kile kijiwe chembamba cha duara ambacho fundi hukifunga kwenye mashine yake, akakitumia mpaka kikaisha, kisha akakitupa bila ya kukitazama mara ya pili. Kijiwe hicho ni mgeni katika nchi hii, na hakijapata kuelewana na shaba.

Wenyeji wa kale walikuwa na njia nyingine. Wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, wale ambao Wazungu walikuja kuwaita walaji wa shaba walikwenda milimani kuokota mawe ya kijani ya malakiti, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakayachoma kwa makaa na mivukuto mpaka shaba ikatiririka, nao wakaimimina katika kalibu na kupata misalaba iliyotumika kama fedha. Makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yalipofukuliwa mwaka 1957 na 1958, yalionekana yana misalaba ya namna hiyo pamoja na maiti, ushahidi kwamba ustadi huu ni wa karne nyingi kabla ya Msiri kuja kutoka upande wa Unyamwezi na kusimamisha ufalme wake Bunkeya. Watu wake, Wayeke, nao walikuwa na hila yao: waliivuta shaba ikawa nyuzi nyembamba, wakazisokota kuwa bangili. Katika kazi hizi zote mtawala ni moto na nyundo. Shaba ikipigwa sana hukaidi, lakini ukiirudisha motoni hulainika tena na kutii; haina haja ya kuliwa na jiwe.

Sisemi kwamba chuma hakikujulikana. Waluba walikuwa wahunzi hodari wa majembe na mashoka, na masimulizi yao yanamhesabu mfalme Kalala Ilunga kuwa ndiye aliyewaletea uhunzi ulio bora. Na palipo na shoka hapana budi pawe na kinoo. Lakini kinoo hutia makali tu, hakikati kipande cha chuma kikawa viwili. Jiwe lenye uwezo huo lilikuwa bado halijaumbwa.

Lilianza kuumbwa, kwa sadfa ya ajabu, mwaka ule ule ambao Msiri aliuawa. Mnamo tarehe 20 Disemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Na katika mwaka huo huo, huko Pennsylvania, Marekani, Edward Acheson, akijaribu kutengeneza almasi kwa nguvu za umeme, alipata badala yake chembe ngumu za kumetameta ambazo aliziita karborandamu. Miaka sita baadaye Charles Jacobs aliyeyusha boksiti katika tanuri la umeme na kupata korandamu ya kutengenezwa, ambayo ndiyo hasa jiwe la kula chuma. Zikabakia chembe hizo kukosa gundi ya kuziunganisha zisitawanyike katika mwendo wa kasi, nayo ikapatikana kwa mtu wa Ubelgiji, Leo Baekeland, mzaliwa wa Gent aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1909 aliutangazia ulimwengu utomvu wake wa bakelaiti, mwaka mmoja tu baada ya nchi yake ya uzawa kuitwaa Kongo kutoka mikononi mwa mfalme wake.

Lililosalia lililetwa na reli na umeme. Njia ya reli kutoka pwani ya Angola ilifungamana na ile ya eneo la Katanga mwaka 1931, na mwaka 1937 kampuni ya madini ya Union Minière ikaanzisha mji wa Kolwezi. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba yakafuata katika miaka ya 1950. Mwaka 1954 kampuni ya Kijerumani ya Ackermann + Schmitt ikatoa grenda ya mkono yenye kasi kubwa, na jina lake la biashara, Flex, likawa kwa Wajerumani jina la mashine zote za jinsi hiyo. Shughuli za Union Minière zilipotwaliwa na serikali mwaka 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines, elimu ya mashine hizi ilikuwa bado ni mali ya karakana za kampuni. Iliyoitoa nje ni dhiki: mgodi wake wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa utaratibu ulioitwa wa hiari, neno ambalo kila mwenye njaa anajua kulifasiri. Mtu aliyeagwa hivyo alirudi nyumbani na ustadi wa mikono yake, na ustadi huo hauhitaji mgodi. Unahitaji waya wa umeme, mashine, na kijiwe.

Basi na tukitazame kijiwe chenyewe, maana kina maandishi mengi kuliko wasemavyo wauzaji wake. Herufi A ni korandamu, ifaayo chuma na feleji. C ni karborandamu, ambayo ingawa ni ngumu zaidi haifai kwa feleji, kwa kuwa katika joto kali chembe zake humezwa na chuma na kupoteza makali, hivyo huachiwa mawe na saruji. Tarakimu ifuatayo ni ukubwa wa chembe, na kadiri inavyozidi ndivyo chembe zilivyo ndogo. Herufi ya baadaye ni ugumu wa gundi. Wengi hudhani kwamba jiwe gumu ni bora siku zote, na hapo hukosea, kwani chuma kigumu hutaka gundi laini iachiayo chembe zilizochakaa ili mpya zijitokeze. Diski ya kukatia ina unene wa milimita 1 hadi 3, nayo haisagi kwa ubavu wake abadani; diski ya kusagia ina milimita 6, nayo hulazwa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Feleji isiyoshika kutu, waiitayo inoksi, ambayo viwanda vya asidi vinaihitaji sana, ina diski yake isiyo na chuma wala salfa, na diski hiyo haitumiki kwanza juu ya chuma cha kawaida, la sivyo inoksi itaota madoa ya kutu.

Kasi nayo imeandikwa. Diski ya milimita 115 inaruhusiwa mizunguko 13,300 kwa dakika, ya 230 ni 6,600 tu, na zote mbili ukingo wake hukimbia mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Mwenye kuondoa kinga ya mashine ndogo ili aingize diski kubwa anaifanya ipite mpaka wake karibu mara mbili, na vipande vyake havimwulizi mtu jina. Pete ya madini iliyo katikati ina mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, aghalabu miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu utomvu hunyonya unyevu, na masika ya Kolwezi huanza karibu na Novemba yakadumu hata Aprili. Fundi aliyezoea cherehe ya mezani huligonga jiwe ili asikie kama linalia. Hiyo ni hekima ya jiwe lililookwa tanurini, lakini diski ya utomvu hailii, nzima au mbovu, hivyo jicho ndilo hakimu, kisha kuiacha izunguke tupu nusu dakika, mwili ukiwa kando.

Na ikiwa mteja ameleta kipande cha shaba? Shaba ni laini. Hujipaka juu ya diski, ikaziba nafasi baina ya chembe, na jiwe badala ya kukata likachoma. Fundi mwenye akili huzima mashine, akabana kipande kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa mkono, na baada yake tupa.