Kitanda cha nyanya si kuni: namna ya kufufua mbao na samani kuukuu

Tulipokuwa tukihamisha vyombo vya marehemu nyanya yetu kutoka nyumba ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, alifika mnunuzi na mkokoteni wake. Akaitazama samadari kwa upande, akaipiga teke tendegu moja, akasema, "Hii imeshaliwa, bwana. Elfu tatu, na kuitoa ni juu yangu." Ndugu yangu alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikamwambia, "Subiri kidogo," nikakwaruza kwa kisu chini ya mfumbati, pale pasipoonekana. Chini ya tabaka tatu za rangi ya mafuta ikatoka mbao ya rangi ya asali, nzito. Ilikuwa msaji.

Leo samadari hiyo inalaliwa na mpwa wangu. Ilinila Jumamosi nne na msasa mwingi. Kwa kuwa majumba mengi ya zamani yanavunjwa, na vyombo vyake vinatupwa au kuuzwa kwa bei ya kuni, nimeona niandike hapa yale niliyojifunza kwa mafundi na kwa makosa yangu mwenyewe.

Mbao zapatikana wapi

Pwani yetu ina hazina nne. Ya kwanza ni nyumba zinazobomolewa: milango, madirisha, makabati ya ukutani na boriti za mikoko. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya nyumba za mawe, ambao kwa kawaida ni mita 2.5 hadi 3, kwa hivyo usitarajie kipande kirefu zaidi ya hapo.

Ya pili ni majahazi na mashua zilizochakaa. Mafundi wa Lamu wamekuwa wakizigeuza mbao hizo kuwa meza, mabenchi na fremu za vioo. Ya tatu ni samani za mitumba: viti vya ofisi za zamani, madawati, vitanda.

Ya nne ni paleti zinazotoka bandarini. Hapa tahadhari. Kabla hujanunua, tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao. Herufi HT zina maana paleti ilitibiwa kwa joto, na hiyo yafaa. Ukiona MB, ilifukizwa kwa dawa ya methili bromaidi. Iache, usiilete nyumbani. Paleti isiyo na muhuri, au yenye madoa ya mafuta na harufu kali, pia ipishe.

Kujua ulichonacho

Kwaruza mahali pa kificho. Msaji una rangi ya asali na mguso wa mafuta kidogo, na harufu yake ni kama ngozi. Mbambakofi ni mwekundu wa kahawia, mzito, hauguswi kwa urahisi na mchwa. Ndio uliochongwa milango mingi ya pwani. Mvule huanza na manjano ukaiva kuwa kahawia. Mwembe ni mwepisi kufanyia kazi lakini wadudu waupenda. Ukiona chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, hiyo si mbao. Ikilowa na unyevu wetu huvimba, na dawa yake ni kuiacha kwa mwenyewe.

Kisha tafuta wadudu. Mchwa huacha njia za udongo na kula ndani kwa ndani. Gonga kwa mpini wa bisibisi: mlio wa debe tupu ni dalili mbaya. Fukusi huacha vitundu vidogo na unga laini. Vitundu bila unga mpya huenda ni ugonjwa wa zamani uliokwisha. Weka gazeti chini ya chombo kwa siku chache. Ukikuta unga juu yake, wadudu wangali hai. Tia dawa ya wadudu wa mbao kwa sindano katika kila kitundu, tundu baada ya tundu. Wengine hupaka mafuta machafu ya gari. Kwa nguzo ya banda sawa, lakini kwa kitanda cha kulala, hapana: harufu haitoki na vanishi haishiki juu yake.

Kuosha, kukausha, kung'oa misumari

Mbao ya jahazi imekunywa chumvi miaka na miaka, na chumvi huvuta unyevu. Isugue kwa maji baridi mara kadhaa, kisha ipange kivulini, vijiti vikiwa katikati ya mbao na mbao ili upepo upite. Wiki kadhaa si nyingi. Usiianike juani; mimi niliharakisha kipande kimoja cha mvule, kikapasuka kutoka ncha hadi ncha.

Pitisha sumaku kila mahali kabla ya kutia msumeno au randa. Msumari mmoja uliofichika huharibu meno ya msumeno, na ukiwa wa mashine waweza kukutia jeraha.

Rangi ya zamani

Rangi nyingi za zamani za mafuta zilikuwa na madini ya risasi, sumu kwa kila mtu na hasa kwa watoto. Kwa hiyo usiipige msasa mkavu, wala usiichome kwa moto. Tumia dawa ya kuondolea rangi, au ilowanishe na kuikwangua ingali mbichi. Fanya kazi nje, vaa barakoa na glavu, tandika karatasi ya nailoni, kusanya makombo yote na uyafunge. Watoto wasikaribie.

Mbao ikishakuwa tupu na kavu, piga msasa kwa kufuata nyuzi zake: namba 80, kisha 120, kisha 180. Ukikata nyuzi kwa upande, mikwaruzo itajitokeza vanishi ikishakauka, na hapo utaanza upya.

Viungo

Samani za zamani hazikuungwa kwa misumari. Ulimi wa mbao uliingizwa katika tundu, ukakazwa kwa kijiti. Kitanda kikiyumba, usikimbilie msumari. Msumari hupasua ulimi, na fundi anayekuja baada yako atakulaani. Fungua kiungo, kwangua gundi kuukuu, tia gundi nyeupe ya seremala, bana kwa kamba iliyonyongwa na kijiti, acha hadi siku ya pili. Ulimi ukiwa umelegea, ongeza kibanzi chembamba cha mbao ya aina ile ile. Tendegu moja la samadari yetu lilikuwa kweli limeliwa chini. Fundi alikata sehemu iliyooza na kuunga kipande cha msaji kutoka dirisha bovu. Ukitazama sana utauona mshono, na mimi sikutaka ufichwe.

Kumalizia

Nyumba iliyo karibu na bahari yahitaji mafuta au vanishi. Mafuta ya kitani hupenya na ni rahisi kurudia kila mwaka. Lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo yasikunjwe na kutupwa pembeni: hupata joto yenyewe na yaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke. Ukichagua vanishi, paka tabaka tatu nyembamba, na kati ya kila moja pitisha msasa laini. Tabaka moja nene hubanduka.

Kabla hujauza

Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inailinda milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946, na vyombo vya kale vya kabla ya 1895. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Kwa hivyo mtu akikujia na fedha mkononi na haraka nyingi, nenda kwanza ofisi za Makavazi, Fort Jesus au Lamu, ukaulize.

Na si kila chombo kikuukuu kina thamani ya fedha, wala si kila kimoja chafaa kuokolewa. Viti viwili vya nyanya tulivitupa, vilikuwa vimekwisha. Ila tulivikwaruza kwanza, tukajua tunatupa nini. Yule mnunuzi wa mkokoteni hakukosea alipotaja elfu tatu. Hiyo ndiyo kazi yake. Sisi ndio tuliokaribia kukosea, kwa kuuza kitu ambacho hatujakitazama.

Mpwa wangu aliolewa mwezi mmoja baada ya vanishi kukauka. Mamake alitandika shuka mwenyewe, akapapasa ule mshono wa tendegu, akaniambia tu, "Ahsante, kaka."