Kutoka Tumbili Namba 766 Hadi Daftari la Kielektroniki

Historia ya utafiti wa magonjwa nchini Uganda huelezwa mara nyingi kwa majina ya virusi na ya madaktari. Katika insha hii nitaieleza kupitia daftari la maabara, ambalo sisi tuliotoka Kongo tunaliita kaye. Mimi ni mkazi wa Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na nasomea kazi ya maabara mjini Mbarara.

Mwaka 1936, Rockefeller Foundation ilisaidia kuanzisha taasisi ya kuchunguza homa ya manjano huko Entebbe. Leo inaitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Watafiti wake waliweka tumbili wa aina ya rhesus katika vizimba juu ya miti ya msitu wa Zika, ili waumwe na mbu. Kila tumbili alikuwa na namba, na joto lake lilipimwa na kuandikwa. Tarehe 18 Aprili 1947, tumbili namba 766 alionekana ana homa. Damu yake ilichukuliwa, wakadungwa panya wa maabara, na humo kikapatikana kirusi kipya. Januari 1948 kilipatikana tena, safari hii katika mbu wa msitu huohuo. George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walichapisha matokeo hayo mwaka 1952.

Kwa miaka mingi watu wachache walijali habari hizo. Kisha Zika ikaenea Brazil, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Wanasayansi wakarudi kwenye kazi ya Entebbe. Kirusi walichokitumia wengi katika maabara zao kinaitwa MR 766, yaani kina namba ya tumbili yuleyule. Kama mwandishi wa 1947 angeandika tu kwamba tumbili mmoja anaumwa, bila namba wala tarehe, nani angejua kirusi hicho kilitoka wapi?

Hata hivyo, daftari la karatasi liko mahali pamoja tu. Mchwa wakiliingia, limekwisha. Tena humfuata mwenyewe: karatasi za Haddow zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland. Zimetunzwa vizuri, lakini kwa mwanafunzi wa Mbarara, hasa mkimbizi, safari ya kwenda kuzisoma ni ndefu mno.

Hapo ndipo daftari la kielektroniki linapoingia. Kila maandishi hubeba jina la aliyeandika, tarehe na saa. Ukisahihisha, maandishi ya kwanza hayafutiki, hubaki nyuma yake. Picha ya hadubini na majibu ya mashine hukaa pamoja na maelezo, na ukitafuta namba ya sampuli unaipata mara moja. Programu nyingine ni za bure, kwa mfano eLabFTW, iliyoanzia Institut Curie mjini Paris, na chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake chenyewe.

Wapo wanaosema teknolojia hii haifai kwetu kwa sababu umeme hukatika na mtandao husumbua. Ni kweli, na kwa hiyo nakala zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Lakini kompyuta haimfundishi mtu nidhamu. Sampuli isiyo na namba kwenye karatasi haitapata namba kwenye skrini.

Jambo hili linatugusa sisi wa Rubondo. Watafiti huja makambini, watu hutoa damu na kujibu maswali, kisha wengine huhamishiwa nchi za mbali au hurudi kwao. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inampa mtu haki ya kuuliza ni taarifa gani zake zimehifadhiwa. Haki hiyo haina maana ikiwa daftari halipatikani.

Kwa kumalizia, naona mtafiti anapokuja kwetu, wazee wetu wasiishie kuuliza sabuni au nauli. Wamwulize daftari lake litakaa wapi, na ni nani katika Uganda ataweza kulifungua baada ya miaka kumi.