Billy Boston: Winga aliyefungiwa mlango Afrika Kusini

Katika mtaa wa Tiger Bay, kando ya bandari ya Cardiff nchini Wales, walikaa mabaharia kutoka Somalia, Yemen na Afrika Magharibi pamoja na familia zao. Hapo ndipo alipozaliwa Billy Boston mwaka 1934, baba yake akiwa baharia wa Sierra Leone na mama yake mwenye asili ya Ireland.

Ndoto ya kijana huyo ilikuwa kuichezea klabu ya Cardiff, kisha timu ya taifa ya Wales, katika raga ya wachezaji 15. Klabu hiyo haikumwita, ingawa ilikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani kwao. Wales yenyewe haikumchagua mchezaji mweusi katika raga hiyo hadi miaka ya 1980.

Waliomfuata walikuwa viongozi wa Wigan, kaskazini mwa Uingereza, ambako tangu mwaka 1895 klabu zilikuwa zimejitenga ili ziweze kuwalipa wachezaji wao. Huko ndiko ilikotokana raga ya ligi, yenye wachezaji 13. Aliyekubali fedha zake alipigwa marufuku maisha katika ile raga nyingine, hivyo uamuzi haukuwa mwepesi. Inasimuliwa kwamba viongozi hao walimwaga noti mezani, na mama yake, akitaka waondoke zao, akataja pauni 3,000. Wakakubali papo hapo. Hiyo ilikuwa mwaka 1953, Boston akiwa bado anatumikia jeshi.

Alikuwa amecheza mechi chache tu za kikosi cha kwanza alipoteuliwa kwenda Australia na New Zealand na timu ya Uingereza mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 19. Hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kuteuliwa kwa ziara hiyo kabla yake. Alirejea akiwa na trai 36 katika mechi 18. Trai, kwa wasioujua mchezo huu, ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani. Boston alikuwa na mwili mzito usio wa kawaida kwa winga, lakini mbio zake hazikupungua kwa uzito huo. Beki aliyemkabili hakujua kama atakwepwa au atakanyagwa.

Mwaka 1957, baada ya Kombe la Dunia huko Australia, Uingereza na Ufaransa zilipangiwa mechi za maonyesho nchini Afrika Kusini. Sheria za ubaguzi wa rangi hazikumruhusu Boston kucheza humo. Wenzake walikwenda, yeye akapanda ndege peke yake kurudi nyumbani. Mechi zikachezwa kama ilivyopangwa. Jambo hilo linawahusu wakuu wa mchezo wa Uingereza kuliko Pretoria, kwani wao walikuwa na uwezo wa kukataa.

Boston aliendelea kucheza. Alinyakua Kombe la Challenge na Wigan katika miaka ya 1958, 1959 na 1965, na Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 1960. Alipoondoka Wigan mwaka 1968 alikuwa ameifungia klabu hiyo trai 478 katika mechi 488. Jumla yake, trai 571, inazidiwa na Mwaustralia Brian Bevan pekee.

Cardiff ilimsimamishia sanamu mwaka 2023, pamoja na Clive Sullivan na Gus Risman, wana wengine wa mji huo waliong'ara kaskazini. Mwezi Juni mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 90, Mfalme Charles alimtunuku cheo cha Sir, cha kwanza kwa mchezaji wa raga ya ligi tangu mchezo huo uanze miaka 130 iliyotangulia.