Redio Isiyo Redio Tena

Gari aina ya Noah linapopanda kutoka Muheza kwenda Amani na Bulwa, katikati ya mashamba ya chai, dereva hugusa kioo kilicho mbele yake na kukiita "redio". Kioo hicho kina ramani, kamera ya nyuma, simu na muziki. Jina, hata hivyo, ni lile lile la kale.

Neno limetanuka, na limetanuka vizuri. Tabu iko kwenye programu iliyomo ndani ya kioo hicho. Mengi ya magari haya yameletwa yakiwa yametumika Japani, na yaliandaliwa na kujaribiwa kwa barabara za huko. Ukiwasha gari, sauti ya mwanamke inakwambia kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Ramani inaonyesha Japani. Redio nyingi za magari ya Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu vimetapakaa kati ya 88 na 108. Ndiyo maana mafundi huchomeka kifaa kidogo kwenye waya wa antena ili kushusha masafa ya vituo vyetu.

Kifaa hicho huokoa redio, lakini ramani na menyu hubaki vile vile. Dereva anakariri vitufe kwa mahali vilipo, kwa kuwa maandishi ya Kijapani hayasomeki kwake. Kwenye kona za milima hii ya Usambara, kukodolea macho kioo ni hatari.

Wanaotengeneza programu za magari wazijaribu pia kwa Kiswahili, mikononi mwa madereva wa milimani.