Balokole wa Namirembe na Dawa ya Wivu

Mimi ni fundi cherehani hapa Kampala, na bibi yangu alikuwa mmoja wa Balokole, yaani waliookoka. Historia yao naienzi kwa sababu hawakuona haya kuutaja wivu wao.

Septemba 1929, kilimani Namirembe hapa Kampala, Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda. Kwa siku mbili walisoma Biblia na kuomba pamoja, Mwafrika na Mzungu, katika enzi ya ukoloni. Kutoka hapo uamsho wa Balokole ukaenea hadi Kenya na Tanganyika.

Desturi yao kubwa ilikuwa kutembea nuruni: kuitaja dhambi kwa jina lake mbele ya ushirika, kisha kupatana na uliyemkosea. Bibi alitusimulia habari za mama mmoja aliyesimama, akamgeukia jirani yake: "Dada, tangu ununue cherehani, moyo wangu umekuwa ukiungua. Nimekusengenya kwa wateja wako. Nisamehe." Jirani akamkumbatia, na waumini wakaimba wimbo wao, Tukutendereza Yesu.

Hapo ndipo naiona hekima yao. Wivu hulelewa na siri. Ukishatamkwa mbele ya msalaba, hukosa pa kujificha. Tena anayejua kwamba Kristo amemkubali bure hana haja ya kupimana na jirani.

Msomaji wangu, kama yupo unayemwonea kijicho, mfuate leo kabla jua halijatua. Mwombe radhi, kisha umwombee baraka.