Habari za Ukoo wa Richard More, Mtoto wa Merikebu Mayflower

Sisi tuliopewa dhamana ya kuandika vitabu vya ubatizo, mara nyingi twaiona kazi hiyo kuwa ya karani tu: jina, siku, baba, mama, basi. Tumependa kuwaletea wasomaji habari za mtoto mmoja ambaye nasaba yake ilitafutwa kwa muda mrefu sana, wapate kuona mistari mifupi ya namna hiyo yaweza kutuambia nini, na ni nini isichoweza kutuambia.

Mtoto huyo ni Richard More. Alifika Marekani mwaka wa 1620 katika merikebu iliyoitwa Mayflower, yenye abiria wapata 102. Baadhi yao walikuwa Wakristo waliojitenga na Kanisa la Uingereza, na wengine watu wa kazi na biashara tu. Wakajenga mji wa Plymouth, katika nchi iitwayo sasa Massachusetts, na karibu nusu yao wakafa kabla ya kwisha baridi ya mwaka wa kwanza. Wamarekani wengi hujivunia kuwa wajukuu wa wale waliosalia, na kwa hiyo hakuna kundi la wahajiri ambalo nasaba zake zimechunguzwa kwa bidii kuliko hili.

Shahidi wa kwanza ni William Bradford, aliyekuwa liwali wa Plymouth miaka mingi. Yapata mwaka wa 1650 aliandika orodha ya wote waliokuja naye, kila jamaa na watumishi wao. Humo twasoma ya kuwa mzee William Brewster alikabidhiwa mtoto Richard More na ndugu yake mwingine wa kiume. Edward Winslow alikabidhiwa msichana Ellen, dada yake Richard. Na John Carver alikabidhiwa Jasper. Kisha Bradford asema ya kuwa Richard ameoa na ana watoto wanne au watano, lakini wenziwe walikufa katika ile baridi ya kwanza.

Tena amekosea. Yule wa pili nyumbani mwa Brewster hakuwa mwanamume: alikuwa msichana, jina lake Mary, mwenye umri wa miaka minne. Hatumlaumu mzee huyu. Miaka 30 ilikuwa imepita, na mtoto alikufa mapema. Walakini ni jambo la kutafakari, kwamba mtu aliyesafiri na mtoto huyo katika chombo kimoja alimsahau hata asijue kama alikuwa wa kiume au wa kike.

Na juu ya wazazi wao Bradford hakuandika neno. Hata Richard mwenyewe, alipotoa ushahidi kwa maandishi mwaka wa 1684, akiwa na umri wa miaka 70 au karibu, alisema tu ya kuwa katika mwaka wa 1620 alikuwa London nyumbani kwa Thomas Weston, mfanyabiashara wa vyuma, na kutoka hapo akapelekwa New Plymouth. Basi watu wengi walidhani ya kuwa hao wanne walikuwa yatima, au watoto maskini waliookotwa katika njia za London.

Jibu lilikuwako katika kanisa dogo la Shipton, wilaya ya Shropshire. Tangu mwaka wa 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, kila parokia ya Uingereza ilipaswa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Katika kitabu cha Shipton watafiti waliwakuta wote wanne: Ellen alibatizwa tarehe 24 Mei 1612, Jasper tarehe 8 Agosti 1613, Richard tarehe 13 Novemba 1614, na Mary tarehe 16 Aprili 1616. Wazazi wao ni Samuel More na mkewe Katherine, waliofunga ndoa hapo hapo tarehe 4 Februari 1611.

Mwenye kusoma vitabu vya Kiingereza vya zamani na ajihadhari hapa. Zamani zile mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, wala desturi hiyo haikuachwa mpaka mwaka wa 1752. Kwa hiyo ndoa ya Februari 1611 katika kitabu ni ya mwaka wa 1610. Asiyejua jambo hili ataweka ndoa mahali pasipo pake, au atamfanya mtoto kuwa mkubwa kwa mwaka mzima, na mara nyingine atamsingizia mama wa watu kuwa alizaa kabla ya kuolewa.

Basi kitabu kilijibu swali moja kikaleta lingine lililo gumu zaidi. Watoto hawa hawakuwa yatima wala maskini. Baba na mama yao walikuwa hai, tena wote wawili ni wa ukoo mmoja wa More, watu wenye mashamba na heshima. Mtu mwenye nyumba kubwa hupelekaje watoto wanne, wa kwanza wa miaka minane, wawe watumishi wa watu wasio ndugu zao, ng'ambo ya bahari? Kitabu cha ubatizo hakikuweza kusema.

Mwaka wa 1959 Bwana Jasper More, mzao wa yule Samuel kwa mke wa pili, aliona katika karatasi za ukoo wake hati ya mwaka wa 1622, na Sir Anthony Wagner, mtaalamu wa nasaba, akaieleza kwa maandishi mwaka wa 1960. Ilikuwa ni hati ya Samuel mwenyewe, kumjibu mkewe aliyemshtaki kwa Jaji Mkuu, Sir James Ley, kwa ajili ya watoto.

Samuel alikuwa hajatimiza miaka 18 alipooa, na Katherine alimzidi kwa miaka kadhaa. Ndoa yao ilipatanishwa na wazee, mashamba ya Larden yasitoke katika ukoo. Kwa maneno ya Samuel, mkewe alikuwa na mtu mwingine, Jacob Blakeway, na wengi wa watoto walimfanana huyo kwa sura na umbo. Mwaka wa 1616 alibadili hati za mashamba ili watoto wasirithi, kisha akawaondoa kwa mama yao akawaweka kwa mpangaji wa baba yake. Katherine akawafuata huko mara kadhaa, hata akawararua nguo katika kung'ang'ania kuwachukua. Mwezi wa Julai 1620 wakapelekwa London, wakatiwa mikononi mwa Carver na Robert Cushman, kwa mapatano kwamba watalishwa na kuvikwa, na baada ya miaka saba kila mmoja atapata ekari 50 za ardhi. Samuel aeleza ya kuwa alifanya hivi kusudi waepukane na aibu ambayo ingewapata wakibaki kwao.

Bibi Katherine naye hakukana. Alisema ya kuwa yeye na Blakeway walikwisha kuahidiana ndoa kabla ya Samuel kuja, na ijapokuwa hana mashahidi wa kutosha, mbele ya Mungu ni mamoja. Twaona yafaa kumkumbusha msomaji ya kuwa maneno haya ya mama yametufikia kwa kalamu ya mumewe, aliyekuwa akijitetea mbele ya jaji. Hati ya mtu anayejitetea ni ushahidi, nayo hupimwa kama ushahidi. Twaweza kuiamini inapotaja siku, fedha na majina. Inapotaja mioyo ya watu tusiwe wepesi. Na hati hiyo ilipoandikwa mwaka wa 1622, watatu kati ya wale watoto wanne walikuwa wamekwisha kufa. Jasper alikufa Desemba 1620, merikebu ingali imetia nanga kabla ya mji kujengwa.

Watu wa pwani yetu hutumia neno mlango kwa jamaa wanaohesabiwa kwa babu mmoja, na neno tumbo kwa wanaohesabiwa kwa mama. Maneno haya mawili yatusaidia hapa. Habari ya tumbo haikuwa na shaka hata siku moja. Ni mlango tu uliofungwa. Nasi twamsifu kasisi wa Shipton, kwa sababu aliwaandika wote wanne kama walivyoletwa kwake, watoto wa ndoa, na hakuna aliyekuja baadaye kuyafuta majina yao. Kama angalifuta mtu, Richard asingalipata kujulikana.

Yeye aliishi. Mwaka wa 1636 alimwoa Christian Hunter, wakahamia Salem, akawa nahodha. Hapa tena kitabu cha kanisa chatoa habari isiyotazamiwa: katika Oktoba 1645, mkewe angali hai huko Salem, Richard More baharia wa Salem alifunga ndoa na Elizabeth Woolno katika kanisa la Stepney, karibu na London. Waliotaka kumpamba babu yao hawakupendezwa na ugunduzi huo. Hata katika uzee, mwaka wa 1688, kanisa la Salem lilimtenga kwa kosa la uzinzi. Akatubu, akarudishwa mwaka wa 1691.

Kaburi lake liko Salem mpaka leo, na jiwe lake ndilo la pekee lijulikanalo la abiria wa Mayflower lililosimamishwa wakati wa kufa kwake. Chini ya jina kuna maneno kwamba alikufa mwaka wa 1692, na ya kuwa alikuwa mhajiri wa Mayflower. Maneno hayo si ya zamani. Yaliongezwa katika karne ya 20 na mtu aliyependa kumtukuza. Na mwaka umekosewa, kwa maana karatasi za mahakama zaonyesha ya kuwa katika Machi 1694 Nahodha Richard More alikuwa angali hai.