Dhamana ya Diski Ngumu na Umbali wa Kisangani

Diski ngumu ya kwanza ya kibiashara kwa kawaida ilikodishwa, haikuuzwa. IBM ilipotangaza mashine yake ya RAMAC mwezi Septemba 1956, mteja alilipa takribani dola 3,200 kwa mwezi, na ilipoharibika fundi wa kampuni alikuja kuitengeneza. Ndani yake mlikuwa na sahani 50 za alumini, kila moja yenye kipenyo cha sentimita 61, nazo zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Hapakuwa na haja ya karatasi ya dhamana: mashine ilikuwa mali ya kampuni, na ubovu wake ulikuwa mzigo wa kampuni.

Wakati huo mji wa Kisangani, nchini Kongo, bado uliitwa Stanleyville. Ofisi zake ziliandika kwa kalamu, taipureta na karatasi za kaboni. Kilomita mia moja hivi kuteremka Mto Kongo, huko Yangambi, ilikuwapo INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933. Tangu 1937 watumishi wake walirudi kwenye miti ileile ya msitu mara kwa mara, wakaandika kwa mkono ni lini mti unachanua, unazaa na kupukutisha majani. Kazi hiyo iliendelea kwa karibu miaka 20. Daftari zake zina nafasi ya pekee katika historia hii, maana zinaonyesha kwa vitendo jambo ambalo dhamana ya diski haijawahi kuahidi: kulinda kilichoandikwa.

Hali ilibadilika diski ilipoanza kuuzwa kama bidhaa ya dukani. Mwaka 1980 Seagate ilitoa diski ndogo ya megabaiti 5 iliyoweza kukaa ndani ya kompyuta ya mezani, na kuanzia hapo mnunuzi akawa mwenye mali na mwenye hasara. Dhamana ikaja kuziba pengo hilo, lakini kwa mipaka. Kiwanda kilikubali kubadilisha diski iliyokufa ndani ya muda uliotajwa, mradi namba yake ya utambulisho itambulike, isiwe imefunguliwa, wala isiwe imeungua kwa umeme mbaya. Diski inayorudishwa kwa mteja mara nyingi ni iliyokwisha kutumika na kukarabatiwa. Kilichoandikwa ndani ya ile iliyokufa hakimo kabisa katika ahadi. Mwanafunzi anayepoteza tasnifu yake, au parokia inayopoteza rejesta yake ya ubatizo, hupewa diski tupu, na hapo mkataba umekamilika.

Kisangani ilikuwa na sheria ya kumlinda mnunuzi zamani kabla ya kuwa na kompyuta. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 ya Dola Huru ya Kongo, inayohusu mikataba, ilitolewa mwaka mmoja tu baada ya mfanyabiashara Tippu Tip kufanywa gavana wa kituo cha Maporomoko ya Stanley, chimbuko la Kisangani, na bado ndiyo msingi wa sheria ya mikataba nchini. Inamtaka muuzaji ajibu kwa kasoro iliyofichika katika kitu alichokiuza, na inampa mnunuzi muda mfupi wa kulalamika. Lakini inaruhusu pia wawili hao wakubaliane kwamba muuzaji hatawajibika, isipokuwa kama aliijua kasoro na akaificha. Wafanyabiashara wa Kongo wameutumia mwanya huo kwa sentensi moja ya Kifaransa, iliyochapwa chini ya risiti nyingi kutoka Kinshasa hadi Bunia: bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Kongo ilipojiunga mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya Kiafrika ya kuoanisha sheria za biashara, ilipata kanuni mpya za mauzo, lakini hizo zinahusu mauzo kati ya mfanyabiashara na mfanyabiashara mwenzake. Mwalimu anayenunua kompyuta moja ya nyumbani hazimhusu.

Kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa njia. Dhamana ya kiwanda hudai diski irudi ilikotoka, au angalau ifike kwa wakala anayetambuliwa, na gharama ya kuituma kwa kawaida ni ya mwenye diski. Kisangani iko zaidi ya kilomita 1,700 za mto kutoka Kinshasa. Upande wa mashariki, barabara ya kwenda Uganda hupita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda, na kwa miaka mingi ilikuwa imemezwa na msitu mpaka ilipotengenezwa upya katika muongo wa 2000. Kompyuta nyingi zilizofika mjini kwa njia hiyo zilikuwa zimeshapita mikono mingi: Dubai, Mombasa, Kampala, Butembo. Kila mkono uliongeza faida yake na kupunguza siku za dhamana, na pengine diski ilikuwa imekusudiwa soko la eneo jingine la dunia, ambalo dhamana yake haivuki mpaka. Mnunuzi wa mwisho alipokea bidhaa kamili bila ahadi iliyotoka nayo kiwandani.

Vita vilifunga hata njia hizo. Kisangani ilitekwa na waasi wa AFDL mwezi Machi 1997. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1998, mstari wa mapigano uliukata mto, na mji ukatengwa na Kinshasa kwa miaka kadhaa. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji kwa mizinga, yakaua mamia ya raia na kubomoa nyumba, shule na makanisa. Kumbukumbu za ofisi, ziwe za karatasi au za mashine, ziliungua pamoja na majengo yaliyozihifadhi. Dhamana ya kiwanda ni ya kasoro za diski, si ya vita. 

Amani iliporudi, adui wa kila siku akawa umeme. Bwawa la Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950 ndani ya mji wenyewe, lina mashine tatu za kuzalisha umeme, na kwa vipindi virefu zote tatu hazikuzunguka kwa pamoja. Mitaa ya Makiso, Mangobo, Kabondo na mingineyo ikazoea kupata umeme kwa zamu. Ndani ya diski, zamu hiyo ina maana ya pekee. Sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa mto wa hewa mwembamba kiasi kwamba unywele wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo maelfu ya mara. Umeme ukikatika ghafla, nguvu ya mzunguko uliobaki hutumika kukirudisha kichwa mahali salama. Mara nyingi hufaulu. Lakini maandishi yaliyokuwa yakiandikwa sekunde ileile hubaki nusu, na yakiwa ni ya orodha inayoonyesha kila faili liko wapi, diski nzima huonekana tupu. Balaa jingine huja umeme unaporudi: unapanda kupita kiasi na kuunguza bodi ya diski. Kiwanda kikiona alama ya kuungua, dhamana imekwisha.

Joto huogopwa sana mjini, na pengine hutiwa chumvi. Utafiti wa Google uliotolewa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, haukuona uhusiano mkubwa kati ya joto la kawaida la kazi na vifo vya diski, isipokuwa kwenye joto la juu sana na kwenye diski zilizozeeka. Uligundua pia kwamba sehemu kubwa ya diski zilikufa bila mfumo wao wa ndani wa tahadhari kuonyesha ishara yoyote kubwa. Matokeo hayo ya pili yana uzito zaidi kwa Kisangani: mwenye kompyuta hapati onyo la kumpa muda wa kutafuta mahali pa kuhamishia kazi yake.

Wakati huohuo dhamana zenyewe zilikuwa zikipungua. Oktoba 2002 watengenezaji wakubwa walipunguza dhamana ya diski nyingi za mezani kutoka miaka mitatu hadi mmoja. Mwaka 2004 Seagate ilipanda hadi miaka mitano ili kuvuta wateja. Kisha mwishoni mwa 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vilivyotoa sehemu kubwa ya diski za dunia; bei zikapaa, na miezi michache tu baadaye Seagate na Western Digital wakafupisha tena dhamana za diski kadhaa. Bei hiyo mpya ilifika hadi kwa mnunuzi wa mbali. Miaka ya dhamana iliyoongezwa au kupunguzwa ilimgusa kidogo sana, kwa kuwa hata ile mirefu ilikuwa vigumu kuidai.

Badala ya dhamana ya kiwanda pakatokea ya mdomo. Muuzaji huwasha kompyuta mbele ya mnunuzi, wote wawili husikiliza kama diski inagonga, na makubaliano ya siku chache hufungwa kwa kufahamiana. Fundi naye huchukua nafasi ya kituo cha huduma. Zamani diski yenye bodi iliyoungua ingeweza kufufuliwa kwa kuvalishwa bodi ya diski nyingine ya aina ileile. Kwa diski za baadaye haitoshi: kila moja hubeba kwenye bodi yake chipu yenye vipimo vyake yenyewe, nayo lazima ing'olewe na kuunganishwa upya kwenye bodi mpya. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono uliotulia, na ni ustadi unaostahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Kichwa kikishakwaruza sahani, hata hivyo, fundi hana la kufanya. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi.

Yangambi ndiko njia nyingine ya kulinda kilichoandikwa ilikoonekana. Daftari za miti zilivuka uhuru, uasi wa 1964 na vita vya baadaye. Katika muongo wa 2010 kurasa zake zilipigwa picha, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakazinakili kupitia intaneti katika mradi wa Jungle Rhythms. Leo takwimu hizo ziko mahali pengi kwa wakati mmoja, na watafiti wamezitumia kuchunguza majira ya msitu wa bonde la Kongo. Tangu 2020 mnara wa CongoFlux, wenye urefu wa mita 55, unapima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni humohumo, na vipimo vyake huzaliwa tayari vikiwa vya kielektroniki.

Diski za kisasa zisizo na sahani zimeondoa kichwa kinachokwaruza na injini inayokwama, na zinastahimili mtikisiko wa pikipiki na malori. Dhamana yake huhesabiwa kwa miaka au kwa kiasi cha data kilichokwisha kuandikwa, kile kinachotangulia kufika. Hata hivyo umeme wa kukatika bado huzidhuru, na zikifa hufa kimya, bila ile sauti ya kugonga ambayo fundi aliizoea kuwa ishara ya kwanza. Kurejesha kilichomo ni kugumu zaidi kuliko kwenye sahani, na mkataba wa kiwanda unaendelea kudhamini kifaa peke yake.